Uzoefu wangu na IVLA: habari na mikutano ya watu wa kusoma picha, inamfaa mwalimu wa huku?

Nafundisha chuo cha ualimu hapa Morogoro na kwa muda sasa nafuatilia habari na matukio ya IVLA, kirefu chake International Visual Literacy Association, ni chama cha wasomi wanaochunguza jinsi watu wanavyosoma picha, ramani, grafu, matangazo, yaani kila kinachoongea na macho. Walimu wenzangu wananiuliza sana kama kina faida kwetu au ni mambo ya huko huko tu. Faida ipo, tena kubwa, ila kuna vitu vya kujua kabla hujaingia.

Chama si cha juzi, mizizi yake ni mkutano wa mwaka 1969 pale Rochester, New York, mji wa Kodak, ile kampuni ya kamera na filamu, na John Debes aliyekuwa mfanyakazi wa Kodak ndo alikuwa mstari wa mbele. Tukio lao kubwa mpaka leo ni mkutano wa kila mwaka, na unahamahama, 2019 ulifanyika Leuven, Ubelgiji, 2022 ukawa Jyväskylä, Finland. Nauli ya huko kwa mshahara wa mwalimu tusidanganyane, haipo. Ndo maana mimi habari nazozitafuta kwanza ni za vikao vya mtandaoni na mwito wa kutuma mada.

Sasa nieleze kilichonishika hasa. Kwa kufuata mijadala yao nilifika kwenye utafiti wa William Hudson wa mwaka 1960, alifanyia Afrika Kusini, aliwaonyesha watu mchoro wa mwindaji ana mkuki, kuna swala, na tembo aliyechorwa mdogo kuonyesha yuko mbali, akawauliza huyu anamlenga nani. Waliojibu tembo wakahesabiwa kwamba hawaoni umbali kwenye picha, na watu wakaenda mbali kabisa wakaanza kusema Waafrika hawajui kusoma picha!! Halafu mwaka 1972 mtafiti Deregowski na wenzake wakaenda kwa Wame'en kule Ethiopia, watu ambao karatasi yenyewe ilikuwa kitu kigeni kwao, wakawapelekea picha za wanyama zilizochapwa kwenye kitambaa, na wengi wakawatambua wale wanyama, japo wengine ilibidi waitazame picha kidogo kidogo, mkia, mguu, pembe, mpaka mnyama akakamilika. Niliposoma hapo nilisimama nikatembea kidogo chumbani. Kitambaa jamani! Sisi watu wa kanga, mama anajua pindo, anajua mji, anasoma jina na anajua amvalie nani na siku gani, huo ni usomaji wa picha na maandishi kwa pamoja wa hali ya juu kabisa, ila kwenye mafunzo ya ualimu hatuutumii kabisa.

Wanachuo wangu hao hao wakikuta grafu ya mvua kwenye kitabu cha Jiografia wanairuka wanaenda kwenye maelezo. Kwa hiyo nimeanza kutumia maswali matatu ya Abigail Housen, mwanasaikolojia, na Philip Yenawine, mwelimishaji wa makumbusho: kuna nini kinaendelea kwenye picha hii, unaona nini kinachokufanya useme hivyo, na tunaweza kuona nini zaidi. Tunaanza na kanga, tunahamia kwenye grafu. Swali la pili ndo lenye kazi, mtu hawezi tena kusema tu "ni nzuri", lazima anyooshe kidole aonyeshe. Darasa limechangamka, hata wale wakimya wa nyuma wanabishana.

Changamoto sasa. Saa za vikao, ukiona wameandika saa nane mchana ya New York jua kwetu ni saa tatu usiku, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi Novemba inakuwa saa nne, kwa hiyo hesabu vizuri usije ukaingia kikao kimeisha. Bando pia, kikao kirefu cha video kinakula. Kulipia vitu vya dola nako ni shida, kadi yangu ya benki moja hapa mjini iligoma mara kadhaa mpaka nikatumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Jarida lao, Journal of Visual Literacy, makala nyingi ni za kulipia, ila mihtasari inasomeka bure na baadhi ya makala zimeachwa wazi. Cha bure kabisa na nakisifia kwa moyo wote ni viwango vya mwaka 2011 vya ACRL, wale wakutubi wa vyuo wa Marekani, viko saba, vinaeleza mwanachuo aweze nini kuanzia kutafuta picha mpaka kuitumia kwa haki na kutaja mwenye nayo. Nimevigeuza kuwa maswali ya kupima kazi za wanachuo wangu.

Kama unafundisha sanaa, Jiografia, uandishi wa habari au uko maktaba, fuatilia. Kama unatafuta cheti cha haraka, hapa si mahali pake. Mimi na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili tumeshaanza kupiga picha kanga za mama zetu na kuandika nani alivaa lini na kwa nini, mwito ujao ukitoka muhtasari wetu uwe tayari, na kama kuna mwalimu wa Pwani, Tanga au Unguja ana kanga za zamani naomba tushirikiane kwenye hii kazi.