Roma ya kompyuta au Kilwa ya leza?

Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili, kujenga upya mji wa kale kwenye kompyuta na kuskani magofu yake yalivyo leo. Chukua Rome Reborn, mradi ulioanzia Marekani miaka ya 90: unapaa juu ya Roma ya mwaka 320, majengo kama 7,000 hivi, Colosseum, ule uwanja wao wa mapigano, nzimaaa haina hata jino lililong'oka, yaani raha tupu. Ila sasa nyumba za watu wa kawaida, ambazo ndo nyingi, ni makisio tu, kompyuta imejazia.

Halafu kuna Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, hawa walibeba mashine za leza mpaka Kilwa Kisiwani wakapima Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa (kasri la kale la sultani), ukuta ukija kuanguka kesho vipimo vipo. Lakini kuba lililobomoka utaliona limebomoka vilevile, sultani humwoni (wala chai hupewi).

Mtoto wa shule mpe Roma, atashangaa. Fundi wa kukarabati mpe Kilwa. Mimi nachukua Kilwa, na lile bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa nitajaza maji mwenyewe kichwani.