Programu iliyozisinyaza O zangu

Nimechora herufi miaka mingi, na sijawahi kukasirishwa na programu kama safari hii.

Nilikuwa natengeneza fonti ya majina ya kanga: herufi kubwa tupu, nene, zote za bikari na rula. Programu hii ya kuchora fonti nilishailipia mwaka mzima, na kusema haki, kuchora nayo ni raha. Mkunjo unafuata mkono, nukta hazirukiruki. Ningeishia hapo ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Balaa lilianza nilipotoa faili. Anayechora herufi za aina hii anajua kwamba O ukiilinganisha kimo na H kwa rula, machoni inaonekana fupi. Lazima uivushe mistari inapoishia H, kidogo juu na kidogo chini. Mimi kwenye gridi ya vipimo 1000 huivusha kama 12 hivi. Ncha ya A vilevile. Hata Futura, fonti ya Mjerumani Paul Renner iliyotoka 1927 na ambayo watu huiona kama kazi ya bikari tupu, ncha zake kali zinapita mstari. Jicho ndilo lenye neno la mwisho. Kumbe programu hii ina "usafishaji" wake wakati wa kutoa faili, ambao mimi sikuuwasha. Kila nukta iliyokuwa karibu na mstari ikavutwa mpaka mstarini. Kazi ya wiki nzima imefutwa, na hakuna hata onyo!

Kwenye kioo sikuona kitu. Aliyeona ni mama mmoja muuza kanga, niliyempelekea sampuli iliyochapishwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikamwamkia, akaikunjua juu ya meza, akaweka kidole kwenye NJOO.

"Mwanangu, hizi O mbona zimesinyaa?"

Nikainama kutazama. Kweli. Zilikuwa mbili zimebanana, N na J zimesimama wima kando yao, nazo zimepwaya kama watoto waliovalishwa nguo za kaka yao. Mama huyu hajawahi kushika programu ya fonti maishani mwake, na alihitaji sekunde tatu tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha picha mbili, ya kabla na ya baada. Jibu likaja: O yangu sasa iko sawasawa na H, na ni vizuri nijifunze kufuata mistari ya gridi. Nijifunze! Sidhani kama aliyejibu alifungua hata picha moja. Mbunifu wa Kiholanzi Wim Crouwel mwaka 1967 alipochora fonti yake New Alphabet kwa mistari iliyonyooka tu, ili mashine za kupanga herufi za wakati ule ziweze kuionyesha bila kuiharibu, aliamua mwenyewe kuifuata mashine. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Baada ya siku kadhaa za kupekua nikaukuta mpangilio wenyewe, umefichwa ndani kabisa ya menyu ya tatu. Nikauzima, nikatoa faili upya, O zikajaa vizuri, mama akaichukua kazi yake. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua nyota tatu, kwa ajili ya ule mkunjo, maana sijapata mwingine unaoufikia.

Nimelisoma tena jibu lao sasa hivi. Nawapa moja.