Ukarabati wa kuta za nje za jengo kongwe la chuo, Nairobi: nyota 2 kati ya 5

Kuchokora kumefanywa kwa ustadi: mianya kati ya mawe imechimbwa kwa patasi hadi milimita 25, bila grainda ambayo hula kingo za jiwe. Kazi imeharibikia kwenye kujaza. Fundi ametumia simiti! Jiwe hili la Nairobi ni laini, hunyonya mvua. Simiti ikizuia maji kutoka, uso wa jiwe hubanduka maganda maganda. Tayari chini ya madirisha, ukipitisha kidole, unga wa kijivu unadondoka. Palihitajika chokaa, ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, kisha ukuta ufunikwe wiki nzima kwa magunia yaliyoloweshwa, chokaa isije ikakauka haraka na kupasuka. Simiti hiyo iondolewe kabla ya masika. Mifereji mipya ya paa ni safi.