Itasca: usiishie kwenye picha ya mawe

Wengi wanaofika Hifadhi ya Jimbo ya Itasca, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, hufanya jambo moja: wanaegesha gari, wanatembea hadi mto Mississippi unapoanzia, wanavuka juu ya mawe, wanapiga picha, basi. Pale ni pazuri, sikatai. Mto unaokwenda zaidi ya maili 2,300 hadi Ghuba ya Meksiko, hapo mtoto anauvuka maji yakiwa magotini. Lakini ukishalipa kiingilio cha gari, raha yenyewe iko ziwani, Ziwa Itasca ambamo mto unatoka.

Sisi tulikwenda Septemba, katikati ya wiki, shule zimeshafunguliwa. Tukakodi mtumbwi humohumo hifadhini, asubuhi mapema. Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Boti za injini haziruhusiwi kuzidi maili 10 kwa saa, kwa hiyo hakuna wa kukupita kwa kishindo na kukuyumbisha. Mbele yetu akaibuka loon, ndege mzamiaji ambaye ni nembo ya jimbo: kichwa cheusi, jicho jekundu, mgongo wa madoadoa meupe. Akazama. Mwanangu akanyoosha kidole, "Kule, mama, atatokea kule!" Tukangoja, tukangoja, ndege akaibukia upande mwingine kabisa. Mchezo huo ulituchukua hadi jua likawa kali, na hakuna aliyekumbuka simu. (Mtoto wa chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kuokolea maisha, ni sheria ya jimbo, na mtumbwini nisingekubali vinginevyo.)

Mchana tukaingia kwenye misonobari ya Preachers Grove, mingine imepita miaka 200. Ukiegemea moja na kuangalia juu, shingo inachoka kabla hujaona kilele. Hifadhi ilianzishwa 1891, lakini wakata magogo hawakukoma hapo. Mwaka 1903 Mary Gibbs, binti aliyekuwa msimamizi wa hifadhi, alisimama mbele yao kwenye bwawa lao akiwataka wafungulie maji yaliyokuwa yakizamisha kingo za ziwa. Namshukuru kwa dhati. Watoto wasimuliwe pia habari za Ozawindib, Mwojibwe (mmoja wa wenyeji asilia wa eneo hili) aliyemwongoza mvumbuzi Henry Schoolcraft hadi hapa mwaka 1832. Bila yeye mgeni yule asingeijua njia.

Wenye baiskeli wana Wilderness Drive, maili 10 za lami ndani ya msitu, magari yakienda upande mmoja tu. Kuna vilima, jiandae.

Mwanzo wa kiangazi mbu ni wengi mno, na kupe wapo: suruali ndefu, na mkague mtoto jioni. Mtandao wa simu unakatikakatika, hivyo pakua ramani kabla. Kuni usibebe kutoka nyumbani, zinaweza kuleta wadudu wanaoua miti, nunua zilizoidhinishwa. Na kama unataka kupiga hema wikendi za Julai, weka nafasi mapema sana. Ukiweza kuchagua, chagua Septemba, Jumanne au Jumatano.