Kivuko cha Eminönü hadi Kadıköy: tulivyoitumia siku yetu ya kwanza Istanbul

Wageni wengi wanaofika Istanbul kwa mara ya kwanza hukimbilia foleni ya Hagia Sophia, msikiti maarufu wa kale, siku hiyohiyo, macho yakiwa bado mazito kwa uchovu wa ndege. Mimi na mume wangu tuliamua vinginevyo. Siku ya kuwasili tuliikabidhi kwa kivuko cha Şehir Hatları, kampuni ya vivuko ya jiji, kinachovuka mlango-bahari wa Bosporus kutoka Eminönü, upande wa Ulaya, hadi Kadıköy, upande wa Asia, na baada ya kukipanda kwenda na kurudi ninakipendekeza bila kusita kwa yeyote anayesafiri na mwenzi wake.

Tuliondoka Dar es Salaam usiku wa manane, tukakaa angani kama saa 7, tukatua asubuhi. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi majira yake, na majira hayo ni sawasawa na ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hatukugusa saa zetu na mwili haukudai kulala mchana kweupe. Kutoka uwanjani tulipanda treni ya M11 hadi Gayrettepe, kisha M2 hadi Şişhane. Treni zenyewe ni safi na za haraka, lakini mwendo wa kuunganisha pale Gayrettepe ni mrefu, na mwenye masanduku mazito ni afadhali apande basi la Havaist, ambalo lina buti la mizigo. Hoteli yetu, iliyokuwa imetuandikia kwamba chumba kingekuwa tayari asubuhi, ilitutaka tusubiri hadi saa 8 mchana, jambo lililotuudhi kweli baada ya usiku mzima bila kunyoosha miguu. Tukaacha mizigo mapokezi, tukateremka kwa miguu hadi daraja la Galata, ambako wavuvi wamejipanga bega kwa bega na mishipi yao ikining'inia majini, tukavuka hadi Eminönü.

Nauli hulipwa kwa Istanbulkart, kadi ileile inayotumika kwenye treni, tramu na mabasi ya jiji. Mashine ya kuongezea salio haikuturudishia chenji; noti yote iliingia kwenye kadi, kwa hiyo tafuta noti ndogo mapema. Nashauri pia kila mmoja awe na kadi yake, ili wote wawili wapate punguzo la kuunganisha safari. Eminönü ina magati kadhaa yaliyokaribiana, kila moja na mwelekeo wake, na nauli hukatwa mlangoni. Sisi nusura tuingie gati la Üsküdar. Soma kwanza jina lililoandikwa juu.

Ndani ya kivuko ndipo safari yetu ilipoanza hasa. Sisi tuliozoea pantoni ya Kigamboni, ambako mtu huvuka amesimama huku amekumbatia mzigo wake, tulishangaa kukuta viti kila upande, kwani kivuko hiki hakipakii magari. Tulikaa nje, upande wa kulia, na ninasisitiza upande huo, kwa kuwa kikishang'oa nanga unaipita rasi ya Sarayburnu na kasri la Topkapı, kisha yanajitokeza makuba ya Hagia Sophia na minara sita ya msikiti wa Sultan Ahmed, yote kwa mtazamo mmoja na bila foleni yoyote. Mhudumu alipita na sinia la chai, nao Waturuki huita hivyohivyo, chai, ya rangi, katika istikani yenye kiuno chembamba na vidonge viwili vya sukari pembeni. Mume wangu aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya moto wake, akanywa taratibu, na hapo nikaona mabega yake yakilegea kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Mbele yetu mtoto alikuwa akirusha vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na shakwe wakividaka hewani.

Vivuko vya Bosporus si vya jana: kampuni ya Şirket-i Hayriye iliyoviendesha iliundwa mwaka 1851. Ukikaribia Kadıköy, kushoto utaiona stesheni ya Haydarpaşa, iliyojengwa na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, ndiyo hiyohiyo iliyojenga reli yetu ya kati kutoka Dar es Salaam. Nililitazama jengo lile muda mrefu kwa sababu hiyo.

Safari huchukua kama dakika 20, na kasoro niliyoiona ni upepo tu, ambao ni mkali hata jua likiwaka; beba mtandio au koti. Kadıköy tulikula samaki karibu na soko, tukarudi jua likizama nyuma ya minara ileile, safari hii ikiwa kushoto kwetu. Chumba tulikikuta tayari.