Tangi la kobe wa maji: filta ya ndani au ya nje?
Kobe wa maji huchafua kuliko samaki; hula humo, hunya humo. Filta ya ndani ni nafuu na haina mabomba, ila sponji yake ndogo huziba upesi, na kobe mkubwa huing'oa ukutani. Ya nje hukaa chini ya meza, ikiwa na nafasi tele ya bakteria wanaovunja amonia, sumu itokanayo na kinyesi. Kwa tangi la lita 200, tafuta inayouzwa kwa tangi la lita 400 au zaidi. Mimi ningechukua hiyo ya nje. Balaa lake ni umeme: ukikatika saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani yake huishiwa oksijeni na bakteria hufa. Kabla ya kuiwasha tena, ifungue uisuuze kwa maji ya tangi, si ya bomba yenye klorini.