Begi la Dharura la Gari: Nimekata Waya Tuone Ndani

Haya, karibuni tena. Hili begi jekundu ni lile linalouzwa likiwa limeshapangwa kila kitu: waya za kubusti (za kuazima umeme wa betri ya gari jingine), pembetatu ya tahadhari, tochi, vesti ya kuakisi mwanga, kamba ya kuvutia gari na kisanduku cha huduma ya kwanza. Nimekaa nalo kwenye buti miezi minne. Begi lenyewe zuri, zipu imara. Vilivyomo sasa, ngoja tuongee.

Naanza na waya kwa sababu ndizo zilizoniaibisha. Ukizishika, nene kama kidole. Angalia hapa nilipokata kwa kisu. Umeona? Karibu unene wote ni mpira! Chuma cha ndani hakizidi njiti ya kiberiti, na nikikikwaruza kinatoa weupe: alumini iliyopakwa shaba. Stata, ile mota inayowasha injini, huvuta zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo; uzi huu utaziweza wapi? Usiku ule betri ilipolala, msamaria akasimama, tukaunga, gari likaguna tu. Mara harufu ya mpira unaoungua. Tafuta za shaba tupu, milimita za mraba 16 kwenda juu. Lebo isiposema, ziache dukani.

Kuunga nako kuna mpangilio. Nyekundu ianze chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi, hasi ya betri nzima, halafu ncha ya mwisho ibane chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na ncha ya mwisho ndiyo hutoa cheche.

Pembetatu imesimama vizuri hapa mezani. Barabarani, lori likipita inalala. Nimeifunga vipande vya chuma miguuni, sasa inatulia. Iweke mita 45 nyuma ya gari, hatua kama 60.

Tochi sikuipenda. Ni ya kushika, na kubadili tairi kunataka mikono yote miwili. Nunua ya kuvaa kichwani. Kwenye kisanduku, plasta kibao, bandeji moja, glovu hakuna. Nimeongeza mwenyewe.

Na humu hamna kipimo cha upepo wa tairi. Spea yangu nilipoipima ilikuwa na nusu ya upepo unaotakiwa, na nimekuwa nikiibeba kwa kujiamini kabisa! Ongeza na kipande cha bomba la kurefushia spana ya magurudumu, maana nati zilizokazwa kwa mashine zinakucheka. Pawabenki usiiache garini. Joto na betri yake ya lithiamu havipatani.

Vesti nimeihamishia mfuko wa mlango. Ikikaa kwenye buti, unaifuata gizani, magari yanapita, bado hujaivaa.

Waya mpya nimeshaagiza. Zikifika, nazo nazikata mbele yenu.